Ulikuwa na Umri Gani Krismasi Ilipohamia Kwako?



Kila Desemba ikikaribia, lazima mtu mmoja humu ndani aulize: "Jamani, mbona Krismasi siku hizi haina ladha kama zamani?" Majibu nayo huja haraka haraka. Mmoja anasema simu zimetuharibu. Mwingine anasema maisha yamepanda. Mwingine anasema imani imepoa. Mwaka huu sikutaka kujibu kwa mistari miwili halafu nikae kimya. Nimeamua kuandika, tena kwa njia ya historia, maana nadhani jibu la swali hili liko kwenye historia ya mji huu kuliko kwenye simu zetu.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: kuna siku mtu anaacha kuipokea Krismasi na anaanza kuiandaa kwa ajili ya wengine. Siku hiyo ladha inabadilika. Jambo hili linampata kila binadamu, hata huko Ulaya. Ila kwetu, umri wa kubadilika huko mara nyingi haukupangwa na miaka yetu ya kuzaliwa. Ulipangwa na vita, na mishahara, na mipaka. Kuna waliobadilika wakiwa na miaka thelathini, wameoa, wana watoto wao. Na kuna waliobadilika wakiwa na miaka tisa.

Desemba ni mwezi wa barabara

Kwa ninyi mliozaliwa kambini na hamjawahi kukaa huku, elewa kwanza Desemba ni nini Sudan Kusini. Mvua imekwisha. Matope yamekauka, mtama umevunwa, barabara ambazo Agosti zilikuwa mito sasa zinapitika. Shule za Kenya na Uganda zimefungwa. Wanafunzi wanarudi kwa kupitia Lokichoggio, Kapoeta na Torit, wengine kwa kupitia Elegu na Nimule, kwenye ile lami ya kilomita 192 iliyokamilika 2012. Wafugaji wanashusha ng'ombe kwenye malisho ya kando ya mito. Mazungumzo ya mahari yanaanza. Yaani ni mwezi wa watu kukutana.

Lakini barabara ikimkaukia mgeni, imelikaukia na gari la jeshi. Wazee wanalijua hili vizuri. Katika miaka ya vita, mashambulizi makubwa yalisubiri kiangazi. Kwa hiyo furaha na hofu vimekuja kwetu kwa barabara moja, mwezi mmoja. Mtoto akiona vumbi kwa mbali anafikiri ni shangazi anakuja na zawadi. Mama yake anasimama kwanza, aangalie vizuri ni gari gani.

Hapo tayari una Krismasi mbili katika nyumba moja, ya mtoto na ya mtu mzima.

Kazi ambayo mtoto haioni

Mtoto wa Juba akikusimulia Krismasi atakuambia habari za nguo. Nguo mpya, viatu vipya, nywele zimesukwa. Atakuambia habari za ngoma za usiku wa tarehe 24, watu wakitembea barabarani na misalaba na bendera za makanisa yao, kila kwaya na lugha yake: Kibari, Kidinka, Kimoru, Kizande, Kiacholi, na Kiarabu cha Juba kinachowaunganisha wote. Atakutajia Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa kule Kator, au la Watakatifu Wote la Waanglikana. Kesho yake, watoto kwa makundi wanapita nyumba kwa nyumba, wanapewa pipi, kaak na juisi, hadi matumbo yanauma.

Sasa muulize mama yake. Atakuambia milaya, yale mashuka tunayotandikia wageni, aliyatarizi maua na ndege kwa mkono, jioni baada ya jioni, tangu miezi iliyopita. Atakuambia habari za maji, kwa sababu nyumba nyingi za Juba hazina bomba. Maji yanakuja kwa gari la tanki na yanauzwa kwa pipa, na kila mtu akitaka kufua na kupika wiki moja, gari halionekani. Atakuambia bei ya gunia la makaa. Atakuambia alienda Konyo Konyo mara tatu kutafuta viatu, na mara ya tatu ndipo alipopata bei anayoiweza.

Mtoto hajui hayo, na kusema ukweli hatakiwi kuyajua. Furaha yake imejengwa juu ya kutojua. Swali la historia ni nani aliyebeba ile kazi katika kila kizazi, na aliianza akiwa na umri gani.

Kizazi cha 1964

Tuanze na babu na bibi zetu. Serikali ya kijeshi ya Jenerali Ibrahim Abboud ilichukua madaraka Khartoum Novemba 1958. Mwaka 1960 ikaamuru siku ya mapumziko Kusini iwe Ijumaa badala ya Jumapili. Wanafunzi waligoma, na Rumbek Sekondari ilikuwa mstari wa mbele. Angalia umri wao: vijana wa sekondari, watu wa umri wetu sisi hapa kwenye group. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kubana jumuiya za kimisionari. Mapema 1964 wamisionari wote wa kigeni, karibu 300, wakafukuzwa Kusini.

Fikiria Desemba ya 1964. Tangu misheni zianze, mambo mengi ya Krismasi yalipangwa na wageni: nani anasoma, nani anafundisha kwaya, nani anafungua kanisa. Mapadre wazalendo walikuwepo lakini wachache. Askofu wa kwanza Mkatoliki mzaliwa wa Sudan, Ireneus Dud, alikuwa amewekwa wakfu 1955 tu. Vijijini kazi ikawaangukia makatekista na akina mama. Wengi wa makatekista hao hawakuwa wazee. Walikuwa vijana waliojua kusoma, basi. Jana ulikuwa mwanafunzi unayesubiri kuambiwa uimbe wapi, leo watu wote wanakutazama wewe.

Mwaka uliofuata, Julai 1965, askari waliua raia na kuchoma nyumba hapahapa Juba. Watu walikimbilia porini, Uganda na Kongo. Krismasi ya wengi ikawa chini ya miti au katika nchi ya watu. Ilipofika Februari 1972, mkataba wa Addis Ababa uliposainiwa, wakaanza kurudi, wengine na Kilingala, wengine na Kiswahili vinywani mwao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sisi ni kizazi cha kwanza cha wakimbizi", mwambie akamuulize bibi yake.

Watoto waliokuwa wazee wao wenyewe

Vita vilirudi 1983. Juba ilibaki mikononi mwa serikali, na SPLA kuizunguka. Chakula kingi kilikuja kwa ndege. Mwaka 1992 SPLA iliingia hadi ndani ya mji na nusura iuchukue. Aliyekua Juba miaka hiyo alizoea Krismasi ya mji uliofungwa: hakuna shangazi anayetoka kijijini, hakuna anayeenda kijijini. Askofu Mkuu Paolino Lukudu Loro, aliyeanza kuongoza jimbo la Juba mwaka uleule wa 1983, alibaki kwenye kiti chake hadi 2019. Kuna watu hapa waliokua, wakaoa, wakapata wajukuu, askofu wao ni yuleyule. Katika mji ambao kila kitu kilibadilika, hicho hakikuwa kitu kidogo.

Nje ya Juba mambo yalikuwa mengine. Kuanzia 1987 maelfu ya wavulana walitembea kwa miguu hadi Ethiopia, wengi wakafika Pinyudo. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 wakafukuzwa tena, wakavuka mto Gilo, na wengi walikufa humo. Mwaka 1992 waliobaki wakafika Kenya, na kambi ya Kakuma ikaanza. Wale wavulana waliishi kwa makundi. Walijipikia wenyewe, walijengeana vibanda, mkubwa akimwangalia mdogo. Mkubwa mwenyewe ana miaka kumi na mbili.

Hao Krismasi iliwahamia wapi? Hakukuwa na mama wa kutandika milaya. Mtu wa kusema "leo ni sikukuu" alikuwa mtoto mwingine. Wengine wao sasa wana mvi, wako Marekani, Australia au hapa Juba ofisini, na hawapendi kuongea habari za Desemba. Nilikuwa nadhani ni ubaridi tu. Siku hizi nadhani ni kwamba hawakupata ile miaka ya kupokea. Waliruka moja kwa moja hadi kwenye kuandaa.

Na kuna jambo lingine la miaka hiyohiyo linalostahili kukumbukwa. Katika eneo la Bor na kwingineko kwa Wadinka, kanisa lilikua haraka sana katikati ya vita, na nyimbo mpya nyingi za Kidinka zilitungwa na vijana na wanawake. Mary Alueel Garang ni mmoja wao, na nyimbo zake zinaimbwa hadi leo. Mafundi walitengeneza misalaba wakaipamba kwa shaba ya maganda ya risasi. Watu waliokosa nguo, ng'ombe na chakula walitengeneza sikukuu kwa kile kilichokuwepo.

Kaskazini, pembezoni mwa Khartoum, ndugu zetu waliokimbilia huko waliishi katika makazi kama Jabarona, jina ambalo lenyewe linabeba maana ya kulazimishwa. Nyumba zao zilibomolewa mara kwa mara. Akina mama wengi walitengeneza pombe ya kienyeji ili watoto wale, na chini ya sheria za wakati ule walikamatwa na kufungwa. Mama akiwa gerezani Omdurman, nani anafua nguo za wadogo za kuendea kanisani? Binti mkubwa. Mwana historia anaandika habari za mikataba na majenerali, lakini yule binti naye ni historia.

Miaka ambayo tulirudishiwa utoto

Halafu ikaja miaka mizuri. Tarehe 31 Desemba 2004 pande mbili zilimaliza makubaliano yao ya mwisho Naivasha, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ukasainiwa Nairobi, kwenye uwanja wa Nyayo. Watu wakaanza kurudi. Krismasi ya 2010 Juba ilijaa kuliko nafasi yake. Uandikishaji wa kura ya maoni ulikuwa umefungwa tarehe 8 Desemba, na watu bado walikuwa wanashuka bandarini kutoka kwenye majahazi ya mto Nile, na vitanda vyao, makabati yao, kuku wao. Kura ilianza 9 Januari 2011. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Julai 9 tukawa nchi.

Familia yetu ilirudi mwaka huo kutoka Kakuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Krismasi ya 2011 nilipata suruali ya jinsi na viatu vyeupe, na sikujua vilitoka wapi. Ndiyo maana nasema miaka ile ilikuwa mizuri. Watoto wengi wa Juba hawakujua vitu vilitoka wapi.

Desemba 15, mara mbili

Jioni ya 15 Desemba 2013, Jumapili, milio ya risasi ilianza katika kambi ya jeshi hapa Juba. Siku kumi kabla ya Krismasi. Nguo za watoto wengi zilikuwa zimeshanunuliwa, zimekunjwa kwenye masanduku. Tarehe 16 rais akatangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watu waliuawa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila lao. Makumi ya maelfu walikimbilia kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa, Tomping na UN House, wakalala chini kwenye vumbi. Bor ilichukuliwa, ikarudishwa mikononi mwa serikali tarehe 24 Desemba, mkesha wenyewe wa Krismasi, ikachukuliwa tena kabla mwaka haujaisha. Watu wa Bor walivuka Nile kwa mitumbwi hadi Minkaman, na Krismasi yao ikawa chini ya miti. Bibi zao walikuwa wameshaiona ya namna hiyo.

Kwa vijana wengi humu, hii ndiyo siku Krismasi ilipohama. Wapo waliomzika baba wiki ile. Wapo walioibeba mdogo wao mgongoni hadi kwenye geti la UN na hawakuwahi tena kuwa watoto.

Tarehe 15 Desemba ya pili haikuwa na risasi. Ni ya 2015. Siku hiyo Benki Kuu iliacha kuishikilia paundi yetu. Dola moja ilikuwa paundi 2.95 kwa bei rasmi, ikawa karibu paundi 18.5. Tuseme mtu alilipwa paundi 300. Kwenye karatasi jana yake zilikuwa dola mia moja na kidogo, leo ni dola kumi na sita. Kweli, sokoni dola ilikuwa imeshapanda zamani, na serikali ilikuwa inakiri tu kile ambacho mama wa sokoni alikijua. Lakini kukiri kwenyewe kulikuja siku kumi kabla ya Krismasi, na kulibadilisha kitu ndani ya nyumba. Kabla ya hapo baba mwenye kazi ya serikali alikuwa baba mwenye uwezo. Baadaye watoto walianza kusikia mahesabu usiku, kupitia ukuta.

Vita vinamhamishia mtu mzigo kwa siku moja. Bei zinamhamishia polepole, na mara nyingi hakuna anayeona mpaka imeshatokea.

Julai 2016 mapigano yalirudi Juba, na safari hii Equatoria yote ikawaka. Agosti, Bidibidi ikafunguliwa Yumbe, Uganda. Kufikia Desemba ilikuwa na watu zaidi ya 270,000, ikafungwa kwa wageni wapya. Mama yangu na wadogo zangu wanne walikuwa miongoni mwao, na mimi pia. Baba alibaki Juba kulinda nyumba na kazi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama aliniita nje ya hema, hakusema mengi: "Baba yako yuko mbali. Wadogo zako wanakutazama wewe." Mwaka ule nilikata nyasi na kuuza, nikanunua biskuti na sukari. Wadogo zangu walicheza. Nilikaa pembeni nikiwaangalia, na hisia niliyokuwa nayo haikuwa furaha ninayoijua na haikuwa huzuni. Sasa nadhani ndiyo hisia ambayo mama alikuwa nayo siku zote, akiwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga.

Tarehe 21 Desemba 2017 pande zote zilisaini Addis Ababa kusimamisha vita, kuanzia tarehe 24. Tuliisikia redioni. Watu waliomba sana usiku ule. Makubaliano hayo yalivunjwa karibu mara moja. Mkataba wa sasa ulikuja Septemba 2018.

Orodha ya majina

Sasa tuje kwetu leo. Mimi niko Juba tangu 2020, nina kazi ya mkataba. Mama na wadogo bado wako Uganda, ambako mgao wa chakula ulikatwa kwa asilimia 30 Aprili 2020 na umeendelea kupungua tangu hapo. Ikifika katikati ya Novemba simu inaanza. Mama mdogo, mjomba, binamu wa Kakuma, mke wa marehemu kaka wa baba, mtoto wa jirani tuliyekimbia naye. Kila mmoja ana haki ya kupiga. Hakuna anayeomba kitu cha ajabu. Anaomba viatu vya mtoto. Ukiyaandika majina kwenye karatasi unafika kumi na tisa, na mshahara ni mmoja.

Halafu kumbuka mwaka 2024. Bomba la mafuta lilipasuka Sudan mwezi Februari, mapato ya nchi yakaanguka, na wafanyakazi wa serikali wakakaa miezi mingi bila mshahara. Walimu, manesi, askari. Baba zetu, yaani. Wengi ambao orodha yao ilikuwa na majina, sasa wao wenyewe wakawa majina kwenye orodha za watoto wao. Mzee kumwomba kijana wake pesa ya kondoo wa sikukuu ni jambo zito. Anapiga simu, anauliza habari za afya, habari za kazi, habari za hali ya hewa, halafu anakata bila kusema. Unajua alichotaka.

Na tangu Aprili 2023, vita vya Sudan vimewarudisha ndugu zetu kwa mamia ya maelfu kupitia Joda na Renk. Miongoni mwao kuna wasichana waliokuwa shule Khartoum, ambao leo wanauza chai kando ya barabara hapa Juba na kuwalea wadogo zao. Hicho ndicho kizazi kipya kilichohamishiwa Krismasi, na kinahamishiwa sasa hivi tunavyosoma.

Niseme pia habari ya wavulana na wasichana, maana haifanani. Mvulana mzigo wake unahesabiwa: ametuma kiasi gani. Msichana mzigo wake hauhesabiwi, kwa sababu ni kupika, kufua, kuchota, kupokea wageni, na kumnyamazisha mtoto ili wanaume waongee. Kaka akituma pesa anaimbwa. Dada aliyeigeuza pesa ile kuwa sikukuu anaambiwa chai imepoa. Na msichana aliyeolewa ana Krismasi mbili za kuandaa, ya kwao na ya ukweni, na mara nyingi ya kwao ndiyo inayokosa.

Wanaozima simu

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Desemba kuna vijana wanaozima simu. Wanabadilisha laini, wanaandika "niko field, hakuna mtandao", kumbe wamejifungia chumbani Gudele au Munuki, wamelala. Wengine wanakunywa. Hawana ubaya. Wanaona aibu. Wanaona ni bora wadhaniwe wamepotea kuliko wajulikane hawana kitu.

Kwa hawa ndiyo nimeandika yote haya ya juu. Ndugu yangu, angalia waliokutangulia. Katekista wa 1964 hakuwa na mshahara wa mmisionari. Kijana wa Kakuma wa 1992 alikuwa na mahindi na maharage ya mgao. Mama wa Minkaman alikuwa na mti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kile kilichokuwepo zamani, na hakuna aliyeweza kuzima simu, maana watu wake walikuwa mbele ya macho yake. Walichokuwa nacho ni kwamba walikuwepo. Sisi umbali umetufanya tufikiri kuwepo ni kutuma pesa peke yake. Ukikosa pesa, unajiona huna haki hata ya kusema "Krismasi njema, mama".

Sisemi pesa si muhimu. Mtoto bila viatu anajua hana viatu, na maneno matamu hayavaliki. Ninachosema ni kwamba kuna mambo matatu ambayo nimeona yakisaidia nyumba za watu ninaowajua.

La kwanza, sema mapema. Ukijua Novemba kwamba una kidogo, taja kiasi chenyewe Novemba. Mama akijua ni kiasi fulani, atapanga. Asichoweza kukipanga ni ukimya wako.

La pili, gawaneni orodha. Familia zetu zimetawanyika: mmoja Juba, mmoja Arua, mmoja Kakuma, mmoja Australia. Mara nyingi kila mmoja anadhani amebeba peke yake. Fungueni group dogo la ndugu tu. Huyu sukari, yule viatu vya wawili, mwingine nauli ya bibi. Na asiye na pesa apewe kazi isiyo ya pesa: awapigie wazee wote simu, au arekodi wadogo wakiimba awatumie walio mbali. Kazi hiyo ihesabiwe kama mchango, na ya dada jikoni ihesabiwe pia.

La tatu, waacheni walio na miaka tisa wabaki na miaka tisa. Sisi tulioruka utoto tuna tabia ya kuwaambia wadogo zetu kila kitu, eti wajue maisha. Watayajua. Mwaka mmoja zaidi wa kutojua viatu vimetoka wapi ni zawadi, na sisi ndio tunaoweza kuitoa.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika na mnatusoma humu, neno moja. Mikataba mingi ya miradi inaisha 31 Desemba, na tangazo la kupunguzwa mgao linaweza kufika mwezi wowote. Tunajua hamuamui ninyi. Lakini kijana wa kujitolea anayeambiwa tarehe 20 Desemba kwamba kazi imeisha, yuko na majina kumi na tisa mfukoni. Mwambieni Oktoba. Na mkiandaa sherehe ya watoto kambini, tafuteni yule binti wa miaka kumi na tano aliyewaleta wadogo zake watatu na amesimama nyuma. Kwenye fomu zenu yeye ni mtoto. Siku hiyo, mpeni na yeye soda.

Basi, turudi kwenye lile swali la kila mwaka. Naomba safari hii tusijibu "simu" wala "maisha". Andika hapa chini: ulikuwa na umri gani Krismasi ilipohamia kwako, ulikuwa wapi, na nani aliibeba kabla yako. Kama huyo mtu bado yuko hai, mpigie kwanza, halafu ndiyo uandike.